Plasta juu ya king'ora: fundi wa kengele za moto hospitalini anajibu

Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza kengele za moto, kamera na milango ya kadi kwenye hospitali, zaidi Dar es Salaam na mikoa ya jirani. Maswali ya safari hii yametoka kwa wauguzi, walinzi, mafundi wenzangu na ndugu wa mgonjwa mmoja. Nimeyafupisha, ila salamu sikuziondoa.

Muuguzi, Tanga: Kengele ya wodi yetu inalia karibu kila wiki, hasa usiku, na moto hakuna. Walinzi wameizoea, wanainyamazisha na kuendelea na mambo yao. Tufanyeje?

Sista, hapo umegusa penyewe. Niliwahi kuitwa hospitali moja, nikakuta tundu la sauti la paneli, lile boksi la ukutani linaloongoza kengele zote, limezibwa kwa pamba na plasta ya kidonda. Ilibandikwa vizuri kabisa, kwa mkono wa mtu aliyesomea kufunga vidonda. Sikumlaumu. Ukikesha na wagonjwa arobaini huku kitu kinakupigia mlio sikioni tangu saa mbili usiku, hata wewe ungebandika. Niliyemlaumu ni fundi aliyenitangulia: alibonyeza riseti, akasaini karatasi, akaondoka.

Kengele hailii bila sababu. Ditekta nyingi za moshi za siku hizi zina chumba kidogo cheusi ndani, na taa inayomulika humo bila kulipiga jicho linalopokea mwanga. Moshi ukiingia, mwanga unatawanyika, jicho linauona, paneli inapata habari. Sasa ile ditekta haiujui moshi. Inachojua ni kwamba kuna kitu kinatawanya mwanga. Mvuke wa birika, mvuke wa mashine ya kutakasia vyombo mlango unapofunguliwa, vumbi la mafundi wa jipsamu, mdudu aliyehamia humo ndani, dawa ya mbu ya kupuliza: kwake vyote ni moshi. Na kwa kuwa umesema hasa usiku, mshukiwa wangu wa kwanza ni dawa ya mbu. Hebu angalia mhudumu anapuliza saa ngapi.

Anzeni daftari. Kila ikilia andikeni saa, chumba, na kilichokuwa kikiendelea, hata kama ni mtu kuchemsha chai. Paneli mpya zinaitaja ditekta yenyewe kwa namba na jina la chumba. Za zamani zinataja zoni tu, yaani eneo lenye ditekta kadhaa, kwa hiyo lazima mtu atembee atafute ditekta yenye taa nyekundu inayowaka. Atembee kabla ya riseti, kwa sababu riseti inaizima ile taa na ushahidi wote unapotea. Wiki tatu za daftari hilo zitamsaidia fundi kuliko mita ya bei kali.

Fundi akija, mpeni daftari na msimruhusu aondoke kwa kufuta vumbi peke yake. Kama ditekta iko juu ya birika, ihamishwe, au hapo kwenye chumba cha chai iwekwe ya joto badala ya moshi. Wanapolala wagonjwa ya joto haitoshi: moshi unamfikia mgonjwa mapema kuliko joto linavyofika darini. Ikibidi kuzima kitu wakati mnasubiri, zimeni ditekta hiyo moja na si zoni nzima, andikeni tarehe ya kuirudisha, na awepo mtu anayepita pale kwa macho yake.

Walinzi wenu si wabaya. Wamefundishwa na kengele yenyewe kwamba ni mwongo. Itengenezeni kwanza, ndipo muwakaripie.

Kijana aliyemaliza VETA, Mbeya: Shikamoo fundi. Nimesoma umeme wa majumbani. Naingiaje kwenye kengele za moto na kamera za hospitali?

Marahaba mwanangu. Umeme wa nyumba ni msingi mzuri, na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, uifuatilie, maana mwenye zabuni ataiulizia kabla hajauliza kama kazi unaijua. Ila kuna mazoea itabidi uyaache. Umezoea volti 230, zinazokurusha ukikosea. Huku paneli inaendesha volti 24, hazikurushi, na hatari iko hapo hapo. Ukikosea hakuna kinacholipuka wala taa inayozimika. Unarudi nyumbani kwa amani, na kosa linabaki kimya darini mpaka siku ya moto.

Chukua ile risista ya mwisho wa laini. Paneli ya kawaida hupitisha mkondo mdogo kwenye waya muda wote, na risista inayofungwa baada ya ditekta ya mwisho ndiyo inayoiambia kwamba waya bado mzima. Nimewahi kufungua paneli nikaikuta risista imefungwa humo humo ndani, kwenye terminali. Taa ya kijani inawaka, hitilafu hakuna, na huko wodini ditekta kumi na moja hazina waya. Aliyefanya vile alitaka taa ya hitilafu izimike ili alipwe. Kwa hiyo jaribu kila ditekta mahali ilipo, kwa moshi wa kopo la majaribio, na usiiamini paneli mpaka imekutajia chumba ulichosimama.

Soma pia mitandao ya kompyuta. Kamera na milango ya kadi vimehamia huko, na fundi asiyejua kuipa kamera anwani atabaki kuwa mvuta waya. Kuvuta waya si aibu, ndiko nilikoanzia, lakini usizeekee hapo.

Halafu kuna mambo ya hospitali yenyewe. Kabla ya kupanda ngazi, mwone muuguzi mfawidhi wa wodi. Pata chanjo ya homa ya ini B. Usifungue silingi karibu na chumba cha upasuaji au wodi ya wagonjwa wenye kinga dhaifu bila watu wa kudhibiti maambukizi kujua, kwa sababu vumbi la darini hubeba ukungu, na ukungu huo unaua. Na chumba cha MRI, mashine inayopiga picha za mwili kwa sumaku kubwa, usikanyage na zana zako hata kidogo mpaka wenyewe wakuruhusu. Ile sumaku hailali. Usiku ipo, umeme ukikatika ipo, na bisibisi yako itaruka kama risasi. Ngazi ya chuma ndiyo usiseme.

Ndugu wa mgonjwa, Nairobi: Kengele ililia tukiwa tumemtembelea baba, muuguzi akatuambia tukae palepale. Si tungetolewa nje wote?

Shuleni au sokoni mngetolewa. Hospitalini mtu aliye kwenye mashine ya kupumua ukimshusha ngazi gizani unaweza kumuua wewe kabla ya moto. Ndiyo maana jengo la hospitali likijengwa vizuri hugawanywa vipande kwa kuta na milango inayozuia moto kwa dakika 30 au 60. Moto ukitokea kipande kimoja, wagonjwa wa hapo husukumwa na vitanda vyao hadi kipande cha jirani, ghorofa ileile, nyuma ya milango hiyo. Kushuka chini ni hatua ya baadaye. Walio mbali na moto hukaa tayari na kusubiri amri. Muuguzi wenu alifanya sawa.

Mpango huo unategemea nyaya zangu kuliko watu wanavyodhani. Kengele ikilia, sumaku zinazoshikilia milango ya korido ziachie ijifunge, feni zinazosambaza hewa zisimame, lifti zishuke chini na kubaki wazi, milango ya kadi kwenye njia za kutokea ifunguke. Oksijeni haiguswi na kengele. Vali ya wodi hufungwa na mtu mwenye mamlaka hayo, akishajua nani anaitegemea na amepewa mtungi.

Vipande visipofanya kazi, moshi ndio unaoua. Desemba 2011, katika hospitali ya AMRI mjini Kolkata, India, moto ulianzia chini kabisa ya jengo, na moshi ukapanda hadi kwa wagonjwa ghorofani. Walikufa zaidi ya 80, wengi kwa kukosa hewa. Aprili 2021 mitungi ya oksijeni ililipuka kwenye hospitali ya Ibn al-Khatib, Baghdad, iliyokuwa ikitibu wagonjwa wa Uviko, na hapo pia walikufa zaidi ya 80. Maofisa wa Iraki walisema jengo halikuwa na mfumo wa kujikinga na moto, na kwamba dari za bandia zilisaidia moto kuenea. Kila nikikuta mlango wa moto umewekewa kabari ya mbao ili troli ya chakula ipite, nakumbuka hizo mbili. Naiondoa kabari. Wiki inayofuata naikuta tena.

Mlinzi, Morogoro: Umeme ukikatika, mlango wa wodi ya watoto wachanga unafunguka wenyewe. Huo si ubovu?

Si ubovu, kaka. Kufuli ya sumaku hushika kwa umeme, ikikosa umeme inaachia, na kwenye njia ya kutokea watu tunataka hivyo hivyo. Stoo ya dawa inafungwa kinyume chake: umeme ukikatika, kwa nje inabaki imefungwa, ila aliye ndani akishika kitasa anatoka bila kadi. Kwa wodi yenu dawa ni betri ya kuubeba mlango mpaka jenereta iwake, kengele ndogo inayolia ukifunguka bila kadi, na wewe kusimama pale. Lakini kengele ya moto ikilia uachie papo hapo, betri au hapana. Atakayekuuzia mfumo usioachia kwa kengele ya moto mrudishe na mzigo wake.

Fundi mwenzangu, Zanzibar: Mkubwa, betri za paneli nazipigaje hesabu? Nimeona watu wanaweka za Ah 7 kila mahali.

Wanaweka za Ah 7 (Ah ni ampea-saa, yaani ampea mara saa) kwa sababu ndizo zilizojaa dukani. Pima mkondo paneli ikiwa imetulia, zidisha kwa saa 24. Pima ving'ora vyote vikilia, zidisha kwa nusu saa. Jumlisha, kisha ongeza robo kwa ajili ya uzee wa betri. Tuseme ikitulia inakula ampea 0.25: hiyo ni Ah 6. Ikilia inakula ampea 1.2: nusu saa ni Ah 0.6. Jumla 6.6, ukiongeza robo unapata 8.25. Ile ya 7 imeshindwa, nunua ya 12. Masharti ya kazi yako yakitaka saa nyingi kuliko 24, weka saa hizo.

Na usidanganywe kwamba betri mbili zinakupa Ah mara mbili. Volti 12 na volti 12 kwa mfululizo zinakupa 24, Ah zinabaki zilezile. Andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito siku unapozifunga. Zikifika miaka minne nami nazibadilisha bila mjadala, na kwa joto la kwenu, paneli ikiwa kwenye kachumba kasikokuwa na feni, zinaweza zisifike huko.

Mganga mfawidhi, kituo cha afya, Dodoma: Tuweke kamera ndani ya wodi?

Korido, mapokezi, stoo, milango: ndiyo. Juu ya kitanda cha mgonjwa: mimi sifungi, labda kuwe na sababu ya kitabibu iliyoandikwa. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, picha ya mgonjwa si ya kuangaliwa na kila mlinzi mwenye simu. Amua kabla ya kununua nani anaona, picha zinakaa siku ngapi, na neno la siri la kiwandani abadilishe nani.

Binti, Iringa: Wanawake wanaweza kazi hii?

Kwenye timu yetu yupo fundi mwanamke: wodi ya wazazi tunamtuma yeye kwanza, na anamaliza wakati sisi bado tumesimama mlangoni tunasubiri kuruhusiwa.

Fundi, Mwanza: Nimebomoa mfumo wa zamani, nina boksi la ditekta zenye alama ya mionzi. Nizitupe?

Hapana, wala usimpe muuza vyuma chakavu. Hizo zina chembe ya ameriki-241, kitu chenye mionzi, inayosaidia kuhisi moshi. Ikiwa nzima darini haikudhuru, maana mionzi yake mikuu inazuiwa hata na karatasi. Ubaya ni kuivunja, ukavuta vumbi lake au ukalimeza na chapati. Na haiishi leo: nguvu yake hupungua nusu baada ya miaka 432. Usifungue hata moja, usiwape watoto wachezee sumaku na skrubu zake. Zihesabu, ziweke kwenye boksi gumu, andika idadi na hospitali zilikotoka, zifungie stoo, kisha wasiliana na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania wakuelekeze. Gharama ya kuziondoa iandike kwenye bei ya kazi. Kama hukuiandika, zungumza na hospitali sasa, kabla hujapokea malipo ya mwisho.