Skrini kubwa au gari inayojishikia breki?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi na mume wangu tunataka kuagiza SUV ndogo kutoka Japani, tuna watoto wawili, kila siku ni Tabata mpaka Posta na mara mojamoja Moshi kwa wazazi. Tumebaki na nne, Mazda CX-5, Subaru Forester, Nissan X-Trail na Honda Vezel, zote za 2014 mpaka 2018. Mume wangu ameipenda moja iliyofungwa skrini kubwa ya Android, mimi nataka inayoshika breki yenyewe. Muuzaji anatuambia kwenye usalama zote ziko sawa tu. Ni kweli?
Msomaji, Tabata

JIBU: Dada yangu, si kweli hata kidogo, na naomba shemeji naye asome hapa. Hizo gari zinatofautiana sana, tena unaweza kukuta mbili za jina moja na mwaka mmoja, moja ina breki ya kujishika na nyingine haina kabisa, sababu kule Japani mteja wa kwanza alikuwa anachagua vitu vyake wakati ananunua mpya. Msimamo wangu ni huu: anzeni na breki. Skrini ukiichoka unaenda Kariakoo asubuhi jioni unarudi na nyingine, ila mfumo wa breki ni kamera au rada au leza, kompyuta na pampu ya ABS (ile inayozuia matairi yasigande ukikanyaga breki) vimeunganishwa toka kiwandani, hakuna fundi wa kukupachikia baadaye.

Swali la kumuuliza muuzaji ni gari inaonaje mbele. Forester inatumia EyeSight, ndio mfumo wa Subaru wa breki ya kujishika, kamera mbili zimekaa juu ya kioo cha mbele kushoto na kulia ya kioo cha kuangalia nyuma, Subaru walianza nayo Japani 2008 kwa hiyo wana uzoefu nayo mrefu. Ila Forester ya 2012 mpaka 2018 sio zote zinayo, angalia picha, usipoona yale macho mawili achana nayo. Za kuanzia mwisho wa 2015 zina toleo la tatu, kamera zinaona rangi na zinatambua taa za breki za gari ya mbele, na zinaweza kuzuia kugonga kabisa kama tofauti ya spidi yenu haizidi kilomita kama 50 kwa saa, toleo la kabla yake ilikuwa kama 30. Hiyo tofauti ni kubwa sana ukiwa Barabara ya Mandela lori limesimama ghafla.

CX-5 ya kwanza nyingi zina leza tu, inafanya kazi spidi ya 4 mpaka 30 hivi, yaani ni ya foleni, haikusaidii njia ya Moshi. Ile ya umbo jipya iliyoanza kuuzwa Japani 2017 ina kamera, inafika kama 80 na inatambua mtu anayetembea kwa miguu. Vezel hivyohivyo, za mwanzo kama inayo ni ile ya leza ya foleni, kuanzia 2016 ndio zikaanza kuja na Honda Sensing, mfumo wa Honda wa usalama wenye kamera na rada, kwa hiyo Vezel ya 2014 na ya 2017 usizifananishe hata kama kwa nje zinafanana. X-Trail ulizia yenye breki ya dharura, na ukitaka ProPILOT inayofuata gari ya mbele na kusaidia usukani basi tafuta ya kuanzia Juni 2017.

Kwa nini nang'ang'ania breki? Taasisi ya IIHS ya Marekani, inayochunguza usalama wa magari, ililinganisha gari zenye onyo na breki ya kujishika na zisizonazo, ikakuta zenye mfumo zinagonga za mbele yake mara chache kwa karibu nusu. Nusu, dada. Kamera ya rivasi nayo inasaidia ila sio kwa kiasi hicho. Mfumo wa kukuambia umetoka kwenye mstari mimi siulipii hela ya ziada, barabara zetu nyingi mistari imefutika na kamera bila mstari haina cha kufuata. Na usitegemee imuone kila bodaboda anayechomoka pembeni, wala shimo. Mvua kubwa au jua la jioni likipiga usoni kamera zinajizima zenyewe na taa inawaka kwenye dashibodi, hapo mguu wako ndio breki.

Kitu ambacho wauzaji hawakisemi ni kioo cha mbele. Kamera ipo nyuma ya kioo, kioo kikibadilishwa inatakiwa ipimwe upya kwa mashine la sivyo inaweza kuangalia pembeni. Kwa hiyo kabla hamjalipa ulizeni kama kioo ni kile cha kiwandani, washeni gari muone taa za mfumo zinawaka halafu zinazima, zikibaki zinawaka msikubali kuambiwa "ni sensa tu". Na mkishainunua msibandike tinti mbele ya kamera, na msifunge bampa la chuma mbele ya rada.

Sasa skrini. Namuelewa shemeji, redio ya Kijapani inachosha, FM yao inaanzia 76 inaishia 90 au 95, zetu zinafika 108, unabaki na stesheni chache mpaka ufunge ekspanda, kifaa cha kuifanya redio ishike stesheni za juu, ramani ni ya Japani tupu, na yule mama wa Kijapani anakukumbusha kadi ya kulipia barabara za kwao kila ukiwasha gari. Badilisheni, ila kwa akili. X-Trail yenye kamera nne za kuzunguka gari, picha yake mara nyingi inapita kwenye skrini ya kiwandani, ukiing'oa ovyo unazipoteza. Mazda ndio kabisa, kwenye skrini ile kuna mipangilio ya gari yenyewe pamoja na maonyo ya usalama, mimi nisingeigusa, tena ina kitufe cha kuzungusha katikati ya viti, unabadilisha wimbo macho yakiwa barabarani. Hata Ulaya Euro NCAP, wale wanaopima usalama wa magari mapya, kuanzia 2026 wanadai vitu kama honi, waipa, indiketa na hazadi viwe na vitufe au swichi za kushika kwa mkono ili gari ipate alama kamili, maana kupapasa skrini unaendesha ni hatari. Na video mbele ya dereva hapana kabisa, na watoto wako nyuma.

Mimi ningechukua Forester ya 2016 kuendelea yenye EyeSight, au CX-5 ya 2017 hela ikiruhusu. Vezel yenye Sensing ni nzuri kwa mjini na haili mafuta, ila iko chini kidogo kwa njia mbovu. Ikibaki chenji, kabla ya skrini, nunueni viti vya watoto vya kufunga kwa ISOFIX (vyuma maalumu vya kushikia kiti vilivyo kwenye siti ya gari), fungeni siti ya nyuma.

SWALI: Kaka, nimebadilisha betri ya Harrier yangu, redio imeleta neno ERC na namba ndefu, haifanyi chochote tena. Imekufa?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Haijafa. Redio nyingi za Toyota za Japani zinajifunga zikikosa umeme, ni kinga ya wizi. Piga picha hiyo namba vizuri, mpelekee fundi redio anayefungua ERC, atakupa kodi (namba ya kufungulia) inayolingana na namba hiyo, usijaribu kubahatisha. Redio ikifunguka andika hiyo kodi uiweke ndani ya gari, na betri ijayo mwambie fundi aunganishe betri nyingine pembeni kabla hajatoa ya zamani ili umeme usikatike.