Simu ya kazi ikirudishwa, yaliyomo ndani yake ni ya nani?

SWALI

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Shehe wetu. Mimi ni mwanamke Mwislamu, mkaaji wa Katuba hapa Lubumbashi. Nilikuwa muuguzi katika zahanati ya kampuni moja ya sutretansi, yaani inayopewa kazi na kampuni nyingine, inayofanya kazi migodini, na mkataba wangu umekwisha. Kampuni ilinipa simu pamoja na namba, nami niliitumia kwa kazi na kwa mambo ya nyumbani, kwa kuwa sikuwa na nyingine. Ndani yake kuna picha za arusi ambazo mimi na dada zangu hatukuvaa hijabu, kuna mazungumzo yangu na mume wangu, na kuna jumbe za wafanyakazi walioniandikia kuhusu maradhi yao. Sasa ofisi ya wafanyakazi inataka niirudishe na niwape kodi, yaani namba ya siri, ya kuifungua, ikisema kwamba simu ni yao na kila kilichomo ni chao. Baadhi ya wenzangu wananishauri nifute kila kitu, na wengine wananiambia nisiirudishe mpaka nilipwe hesabu yangu ya mwisho, ambayo bado sijalipwa. Dini inasemaje?

JIBU

Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na masahaba zake.

Dada yetu katika imani, simu ni mali ya kampuni na ni wajibu wako kuirudisha, wala deni wanalodaiwa halikuruhusu kuizuia. Lakini kuimiliki simu hakuwapi ruhusa ya kuingia katika faragha yako, wala katika siri za wagonjwa waliokuamini. Una haki ya kuyaondoa yaliyo yako kabla ya kuikabidhi, na huna haki ya kuyafuta yaliyo ya kazi.

Mwenyezi Mungu anasema katika Suratun Nisaa, aya ya 58, kwamba anatuamrisha tuzirudishe amana kwa wenyewe. Simu uliyopewa kwa ajili ya kazi iko mkononi mwako kwa amana, na wanazuoni wamesema kwamba mwenye kushika amana halipi kilichoharibika bila ya uzembe wake. Kwa hiyo, ikiwa kioo kimekwaruzika au betri imechoka kwa matumizi ya kawaida, si haki kukukata fedha kwa ajili hiyo. Na ikiwa uliiharibu kwa kutojali, lipa. Hilo halina utata mwingi.

Utata uko katika hayo maneno kwamba kila kilichomo ni chao. Nimeyasikia kwa watu wengi hapa mjini, na wapo Waislamu wenye vyeo katika makampuni wanaoyasema kwa moyo mweupe, wakidhani kwamba aliyenunua chombo amenunua na yaliyowekwa ndani yake. Sivyo. Mwenye nyumba aliyekupangisha anabaki kuwa mwenye nyumba, na siku ya kuhama unamrudishia funguo zake, lakini hakuna mtu mwenye akili atakayesema kwamba ana haki ya kufungua sanduku lako la nguo na kuzisoma barua zako kwa sababu limekaa chini ya bati lake. Na Mwenyezi Mungu, alipokataza katika Suratun Nur, aya ya 27, tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na kuwatolea salamu walio ndani, hakumtofautisha anayekaa katika nyumba aliyoijenga na anayekaa katika nyumba ya kupanga.

Tena tazama sababu ya hukumu hiyo. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Sahl bin Saad, Mwenyezi Mungu amridhie, kwamba mtu mmoja alichungulia kupitia tundu katika chumba cha Mtume, rehema na amani zimshukie, naye Mtume alikuwa na kitana cha chuma anachojikunia kichwa. Alipomwona, alimwambia kwamba lau angalijua kuwa anamtazama angalimchoma nacho jichoni, kisha akasema kwamba kuomba ruhusa kumewekwa kwa sababu ya jicho. Yule mtu hakuiba kitu, hakuvunja mlango, hata mguu wake haukuingia ndani, alitazama tu. Na Mtume, ambaye alikuwa mpole kuliko watu wote, alimkemea kwa maneno makali namna hiyo. Basi yule anayeketi ofisini, akaipokea simu ya mwanamke aliyemaliza kazi, kisha akaanza kuzipitia picha zake moja baada ya nyingine, ajue kwamba anachungulia kupitia tundu lile lile, na kwamba kidole chake juu ya kioo hakimtoi katika makemeo hayo. Katika Suratul Hujurat, aya ya 12, Mwenyezi Mungu amesema waziwazi, "wala msipelelezane", na katazo hilo halikumtenga mwajiri.

Huenda wao wakasema kwamba uliweka sahihi kwenye karatasi inayosema simu inaweza kukaguliwa wakati wowote. Ni kweli kwamba Mwenyezi Mungu ameamrisha mikataba itimizwe, na ni kweli kwamba Mtume amesema Waislamu wako juu ya masharti yao. Lakini hadithi hiyo, katika mapokezi ya Tirmidhi, imeendelea kwa kuliondoa sharti linaloharamisha halali au linalohalalisha haramu. Sharti la kukagua jumbe za kazi, hesabu za dawa na orodha za vifaa ni sharti sahihi na linakufunga. Sharti la kumruhusu mwanamume asiye maharimu wako azitazame nywele zako na za dada zako, ambao wala hawakuweka sahihi yoyote, halina nguvu mbele ya Mwenyezi Mungu hata likiandikwa kwa wino wa dhahabu. Hata hivyo nakuambia kwa upole, dada yangu, na kwa kuwahurumia wengine watakaosoma: aliyeambiwa mapema kwamba simu inakaguliwa, asiweke humo kitu asichotaka kionekane. Kujilinda kabla ni sehemu ya kuilinda heshima yako.

Ikitokea tuhuma ya kweli, kwa mfano dawa za zahanati zimepotea na kuna dalili zinazoelekea kwenye simu fulani, ukaguzi unaweza kuruhusiwa kwa kiasi cha tuhuma hiyo, mbele ya mwenye simu au mtu mwaminifu anayemwakilisha, bila ya kuvuka kwenda kwenye yasiyohusika. Kwako wewe hakuna tuhuma. Kuna mkataba uliokwisha tu.

Katika jambo hili sheria ya nchi yetu inasimama upande huo huo. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa kwa maisha yake ya faragha na ya siri ya mawasiliano yake, na haki hiyo haiguswi ila katika hali zilizowekwa na sheria. Kanuni ya mambo ya dijitali iliyotolewa tarehe 13 Machi 2023 nayo inalinda taarifa binafsi za watu. Sikutaji haya ili nikutume mahakamani, bali ili ujue kwamba ukisema kwa adabu "hizi ni zangu, nitaziondoa kwanza", hukuomba fadhila.

Sasa tuje kwa wagonjwa, na hapa naomba uzingatie sana, kwa sababu katika swali lako umewataja mwishoni nao ndio wenye haki iliyo nzito zaidi. Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema kwamba mtu akizungumza neno kisha akageuka kutazama kama kuna anayemsikia, neno hilo ni amana. Wameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Yule mchimbaji aliyekuandikia usiku kwamba anakohoa damu, au aliyekuuliza kuhusu dawa za ukimwi anazokunywa, alikuandikia wewe kwa kuwa u muuguzi. Hakuiandikia ofisi inayoamua nani aongezewe mkataba na nani aachishwe. Jumbe hizo zikifika mezani kwa asiyehusika, mtu anaweza kupoteza mkate wa watoto wake, ingawa sheria ya 14 Julai 2008 inawakinga watu wanaoishi na virusi vya ukimwi dhidi ya ubaguzi. Wewe ndiwe uliyekuwa mlango wa siri hizo, na kuondoka kazini hakukuondolei amana hiyo. Kwa hiyo yale yanayohitajika kwa matibabu, kama vile tarehe ya kurudi, dawa aliyopewa au mzio alio nao, mkabidhi daktari au muuguzi anayechukua nafasi yako, katika daftari la zahanati au kwa njia ya siri ya kitabibu. Baada ya hapo zifute jumbe zenyewe. Wala usijinakilie kwenye simu yako mpya ukisema huenda watanihitaji; asiyekuwa tena muuguzi wao hana sababu ya kukaa na magonjwa yao mfukoni.

Hata hivyo sikubaliani na wanaokuambia ufute kila kitu. Ripoti, orodha za dawa, mawasiliano na wauzaji na namba ulizozipata kwa kazi ni vya kampuni. Bukhari na Muslim wamepokea habari za Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya zaka, akarudi akasema: hiki ni chenu, na hiki nimepewa mimi. Mtume alikasirika akapanda mimbari na kuuliza kwa nini hakukaa katika nyumba ya baba yake na mama yake aone kama angeletewa zawadi. Jiulize hivyo hivyo kwa kila faili: lingekufikia kama usingekuwa na kazi ile? Lililokuja kwa kazi liache. Arusi ya dada yako ingekuwa katika simu yako hata kama usingeajiriwa kamwe, basi ni yako.

Katika kuondoa, fanya kwa ujuzi usije ukadhurika au ukadhuru. Picha iliyofutwa hubaki kwanza katika pipa la takataka la simu, basi lifungue ulimwage. Ikiwa uliweka akaunti yako ya Google, iondoe kabla ya kuikabidhi simu. Usipofanya hivyo, kampuni ikiifuta yote na kuirudisha katika hali ya kiwandani, simu nyingi za Android zitadai akaunti ile ile zikiwashwa tena, na utakuwa umewarudishia kitu wasichoweza kukitumia, nayo ni dhara, na Mtume amekataza kudhuru na kulipizana madhara. Ikiwa akaunti ni ya kampuni, ujue kwamba picha zako huenda zimehifadhiwa huko pia, hivyo ziondoe na huko. Namba nayo ina hatari ambayo watu huisahau: atapewa mwingine kesho, na mama yako atakapoandika habari za nyumbani atakuwa anamwandikia mgeni. Basi kabla ya kuitoa kadi, hamishia WhatsApp yako kwenye namba yako mwenyewe, wajulishe jamaa, toka katika makundi ya kazi, na utoe fedha zako zilizo katika M-Pesa, Airtel Money au Orange Money iliyounganishwa na namba hiyo. Kuhusu kodi wanayoitaka, usiwape, hasa ikiwa ndiyo unayoitumia kwingine. Iondoe tu, uwakabidhi simu iliyo wazi.

Inabaki hesabu yako ya mwisho. Dhuluma hiyo ni kubwa, na katika hadithi al-Qudsi iliyomo katika Bukhari, Mwenyezi Mungu amesema kwamba atakuwa hasimu Siku ya Kiyama wa mtu aliyemwajiri mfanyakazi, akapata kazi yake yote, kisha asimpe ujira wake. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamejadili suala la mwenye kudai anayeikuta mali ya mdaiwa, na wameruhusu aichukue haki yake kwa masharti, mdaiwa anapokana na njia ya kuipata inapofungwa, wakitoa dalili kwa hadithi ya Hind bint Utba aliyeruhusiwa na Mtume kuchukua katika mali ya mumewe, Abu Sufyan, kiasi cha kumtosha yeye na watoto wake. Najua wenzako wanaweza kuitaja. Lakini njia yako haijafungwa. Sheria ya kazi ya 2002 inampa mfanyakazi nafasi ya kumwendea Mkaguzi wa Kazi ili awapatanishe, na mahakama ya kazi haipokei shauri la mtu mmoja mmoja kabla ya upatanisho huo kujaribiwa. Nenda huko na mkataba wako na karatasi za mishahara. Tena Mtume amesema, katika mapokezi ya Abu Daud na Tirmidhi: mrudishie amana aliyekuamini, wala usimfanyie hiana aliyekufanyia hiana. Yeye mwenyewe, usiku aliotoka Makka hali makuraishi wanataka kumuua, alimwacha Ali, Mwenyezi Mungu amridhie, azirudishe amana za watu wa mji ule ule.

Siku ya kukabidhi, andikeni karatasi ya remizi-reprizi, yaani ya makabidhiano: aina ya simu, namba yake ya utambulisho, hali yake, kadi na chaja, na sentensi moja inayosema kwamba mambo binafsi yameondolewa na ya kazi yameachwa, muweke sahihi pande zote mbili na ubaki na nakala. Wakikukataza kuondoa chochote, omba jambo hilo lifanyike mbele ya mwanamke wa ofisi hiyo. Na ikiwa wataichukua kwa nguvu, waambie mbele ya shahidi kwamba hukuruhusu yaliyo yako yatazamwe, na uwaambie pia kwamba kuna siri za wagonjwa; ukishafanya hivyo huna dhambi, na dhambi iko juu ya atakayetazama. Wallahu a'lam.