Mitihani minne ya AP kwa dola 396: ipi ilipiwe, ipi iachwe?

SWALI: Kaka mshauri, salaam. Mwanangu wa kwanza ana miaka 16, yuko darasa la 11 katika shule ya umma hapa Columbus, Ohio. Anasoma madarasa manne ya AP (masomo ya kiwango cha chuo yanayofundishwa sekondari, kila moja na mtihani wake): Kiingereza, Baiolojia, Historia ya Marekani na Saikolojia. Shule inataka tulipe dola 99 kwa kila mtihani, jumla dola 396, tena kabla ya katikati ya Novemba. Mtoto anasema tukilipa sasa tutaokoa maelfu chuoni. Jirani anasema hiyo ni biashara ya watu, bora aingie College Credit Plus, mpango wa Ohio wa kusoma kozi za chuo ukiwa bado sekondari, ambao ni bure. Mwenyewe anataka uuguzi, baba yake bado anaota udaktari. Tulitoka Bukavu akiwa amemaliza darasa la nne, na nyumbani tunaongea Kiswahili na Kifaransa. Nimsikilize nani?

JIBU: Mama, salaam. Kabla hatujafika kwenye hayo maelfu, tupunguze kwanza hiyo 396.

Familia yenye kipato kidogo hupata nafuu ya ada ya AP. Kwa mitihani ya Mei 2025, College Board, ambao ndio wenye mitihani hiyo, walikata dola 37 kwa kila mtihani, na shule nayo huacha dola 9 ambazo kwa kawaida hubaki kwake. Mzazi analipa 53 badala ya 99. Lakini nafuu hiyo haiji yenyewe. Mratibu wa AP shuleni ndiye anayemwandika mtoto kwenye mfumo kuwa anastahili nafuu, na kama shule yenu inawalisha watoto wote bure bila mzazi kujaza fomu, huenda hajui lolote kuhusu kipato chenu. Mwendee, umwambie kama mko kwenye SNAP (msaada wa chakula wa serikali) au umwonyeshe mapato ya nyumba. Wazazi wetu wengi wanaona haya kusema jambo hili, na haya hiyo inawagharimu dola 46 kwa kila mtihani.

Sasa hayo maelfu. Mwanao hajakosea kabisa, ila ameruka hatua moja. Vyuo vya umma vya Ohio vinalazimika kutoa krediti, yaani pointi za kozi zinazohesabiwa kuelekea shahada, kwa alama 3 na kuendelea (AP husahihishwa kutoka 1 hadi 5). Shahada ya kwanza huwa na krediti 120 hivi, yaani 15 kwa muhula kwa mihula minane. Tatizo ni kwamba vyuo vikubwa vya umma hapa, Ohio State kikiwamo, humtoza mwanafunzi wa muda wote ada ileile akichukua krediti 12 au 18 kwa muhula. Kwa hiyo mtoto akiingia na krediti 3 mkononi, bili ya muhula wa kwanza haipungui hata senti. Hela inaokolewa pale tu krediti zinapokusanyika zikafuta muhula mzima, na ili zifute muhula lazima kila moja iangukie kwenye kozi ambayo shahada yake inaidai. Krediti ambayo chuo kinaiandika kama "kozi ya hiari" wakati mtoto hahitaji kozi za hiari inabaki kuwa pambo kwenye karatasi.

Tena uuguzi una ugumu wake. Masomo ya vitendo hospitalini hufuatana muhula kwa muhula, na darasa zima linakwenda pamoja. Hata mtoto akiwa na krediti 15, mara nyingi hamalizi mapema. Anachopata ni mihula myepesi: krediti 12 badala ya 15 wakati anapambana na anatomia na fiziolojia. Kwa kijana ambaye huenda atakuwa anafanya kazi jioni, mimi naliona hilo ni jambo kubwa kuliko ahadi ya maelfu. Lakini ujue ndicho unachonunua.

Kwa kipimo hicho, Saikolojia ilipiwe. Saikolojia ya utangulizi imo karibu katika kila mpango wa uuguzi, na imo pia kwenye masomo ya wanaojiandaa kwa udaktari. Kiingereza kilipiwe pia, kwa sababu kozi ya uandishi ya mwaka wa kwanza inadaiwa na kila mtu, awe muuguzi au mhasibu. Historia ya Marekani huingia kwenye masomo ya jumla. Kama anaipenda na mwalimu anaona atafika 3, sawa, na kama anaisoma kwa kusukumwa, asifanye mtihani. Hapotezi darasa. Jina la kozi na alama ya mwalimu vinabaki kwenye rekodi yake, na hivyo ndivyo vyuo hutazama kwanza wakati wa kuchagua.

Baiolojia ndiyo inayonipa shaka. Muuguzi anatakiwa kusoma anatomia, fiziolojia na mikrobaiolojia, na AP Baiolojia haizifuti hizo. Na ikiwa ndoto ya baba itashinda, shule nyingi za udaktari hazipokei krediti za AP kwa masharti yao ya baiolojia na kemia, au hutaka mwombaji aongeze kozi ya juu zaidi ya fani hiyo. Kwa hiyo huenda mtoto akalazimika kuisoma upya. Darasa alimalize, litamsaidia chuoni. Mtihani mngeweza kuuacha.

Kama ana mpango wa vyuo vya binafsi vya nje ya Ohio, hesabu inabadilika. Dartmouth, kwa mfano, iliacha kutoa krediti za AP kuanzia darasa la wahitimu wa 2018, na sasa alama hizo humsaidia mtu kuruka kozi za mwanzo bila kupunguza idadi ya kozi anazodaiwa.

Jirani yako naye ana hoja. College Credit Plus ni bure kweli katika vyuo vya umma, na vitabu vimo. Hakuna kubahatisha mtihani mmoja wa Mei, na kozi zilizo chini ya Ohio Transfer 36 (kozi za masomo ya jumla) zinahamishika kati ya vyuo vya umma vya jimbo. Ila alama anayopata huko ni alama ya chuo, inakaa kwenye rekodi yake maisha yake yote. Akipata 2 kwenye AP, hakuna chuo kinachohitaji kujua. Akipata D kwenye College Credit Plus akiwa na miaka 16, programu ya uuguzi itaiona, na wanaogawa msaada wa serikali wa masomo wataihesabu wanapopima maendeleo yake. Kwa mtoto mwenye nidhamu ya kusoma peke yake ningemshauri achukue kozi moja mwaka ujao aone. Moja, si tatu.

Na sasa lile ambalo hukuliuliza. Mtoto aliyesoma Bukavu hadi darasa la nne, na nyumbani bado anasikia Kifaransa, ana krediti ambazo hakuna mtu shuleni amemwambia. Upo mtihani wa CLEP wa Kifaransa, nao ni wa College Board: mtu anapata krediti za chuo kwa kile anachokijua tayari, bila kusoma darasa lolote. Ni wa kusikiliza na kusoma tu, hauna insha wala mazungumzo, tofauti na AP Kifaransa. Kwa hiyo tahajia yake mbovu haitamwangusha. Pendekezo kwa vyuo ni krediti 6 kwa alama 50, na 9 kwa alama 59. Hufanywa wakati wowote wa mwaka kwenye kituo cha mitihani, na akishindwa anarudia baada ya miezi mitatu. Ada inakaribia dola 100, na kituo huweza kuongeza gharama yake, lakini shirika la Modern States lina kozi za bure za mtandaoni ambazo ukizimaliza hukupa vocha ya kulipia mtihani. Angalieni masharti yao ya sasa. Kiswahili, kwa bahati mbaya, hakimo kwenye AP wala kwenye CLEP.

Onyo ni lilelile: mpango wa uuguzi mara nyingi haudai lugha ya kigeni, kwa hiyo 9 hizo zinaweza kukosa pa kukaa. Shahada za sanaa na sayansi nyingi zinaidai, na mtoto wa miaka 16 hubadili nia.

Msijisajili kwa yote minne eti mtaamua baadaye. Kusajili baada ya tarehe ya Novemba kunaongeza dola 40, na kufuta mtihani uliokwisha kuagizwa kunawatoza dola 40 pia. Wiki hii mtoto amwandikie mshauri wa programu ya uuguzi katika vyuo viwili anavyovitaka, aulize hivi: "Nikipata 3 katika AP Saikolojia, ni kozi ipi ya mpango wa uuguzi inayofutwa?" Aulize hivyo kwa kila mtihani, pamoja na CLEP Kifaransa. Akijibiwa kwa jina na namba ya kozi, lipa. Akijibiwa "itahesabiwa kama kozi ya hiari", hela hiyo ibaki nyumbani.