Maswali ya Wasomaji: Gorogoro ya Luka

Nauza mahindi na maharagwe kwa gorogoro, mkebe wa kupimia nafaka. Kanisani, bahasha za sadaka zikigawiwa, husomwa Luka 6:38: toa, upewe kipimo cha kumwagika. Nimetoa miaka mingi, sijaona kumwagika. Nakosea kutoa au nakosea kusoma? — Mama wa nafaka, Kangemi

Mama, kwa kazi yako aya hii unaijua kuliko wengi wanaoihubiri. Ipeleke mezani pako neno kwa neno: "kipimo cha kujaa na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika." Mahindi yakimiminwa tu mkebeni huacha nafasi kati ya punje. Ukiutikisa yanashuka, juu panapungua kama kidole kimoja. Unaongeza, unashindilia kwa kiganja, unaongeza tena mpaka kichuguu kinasimama na punje zinaporomoka kandoni. Muuzaji mchoyo hupitisha mkono juu kusawazisha kabla ya kutikisa, au mkebe wake umegongwa kitako kikaingia ndani. Hila hizo ni za kale: Amosi 8:5 inawashutumu wafanyabiashara waliopunguza efa, kipimo cha nafaka cha siku zile. Na "vifuani mwenu", mahali aya hiyo inaposema kipimo kitatiwa, ni pale vazi lilipofungwa mshipi, kitambaa cha kifuani kikakunjwa kuwa mfuko. Ni kama mteja aliyesahau mfuko akakukingia leso.

Kutoa hukosei. Kasoro ni kwamba bahasha imeikata aya kichwa. Aya ya 37, iliyo juu yake tu, inasema msihukumu, msilaumu, achilieni. Aya ya 35 inataka mtu akopeshe bila kutumaini malipo. Maneno ya namna hiyo hayawezi kugeuka mpango wa faida mistari mitatu baadaye. Isitoshe, msemo unaoifunga aya ya 38, "kipimo kile kile mpimiacho ndicho mtakachopimiwa", umo pia katika Mathayo 7:2, kuhusu kuhukumu, na Marko 4:24, kuhusu kusikia. Kote kutatu sadaka ya ibada haikutajwa. Ukitaka neno la sadaka, lipo 2 Wakorintho 9:7, nalo halina hesabu ya marejesho.

Kwa wiki moja fanya hivi. Ukishafunga kibanda, soma Luka 6:27-38 yote, si aya moja. Kisha andika watu watatu uliowapima siku hiyo bila nafaka: mdaiwa aliyechelewa, jirani wa kibanda, mtoto wa nyumbani. Kwa kila mmoja jiulize: nilisawazisha kabla ya kutikisa? Yaani, nilikata shauri kabla hajamaliza kusema? Jina likijirudia siku tatu, anza na huyo kesho yake asubuhi, kabla wateja hawajajaa.

Tahadhari moja. Usianze kukipa kila kitu maana ya siri, mkebe uwe moyo, punje ziwe baraka, leso iwe imani. Ukifika hapo utaweza kuifanya aya iseme lolote. Kinachobeba mafundisho hapa ni kitendo kimoja, kupima. Na usisahau maana iliyo wazi kabisa: Walawi 19:36 inadai efa ya haki, kwa hiyo kitako cha mkebe wako nacho kikaguliwe.

Vijana wetu wanabishana: saa kumi na moja ya Mathayo 20 ni alfajiri au jioni? — Mwalimu wa shule ya Jumapili, Pipeline

Jioni. Ni ule mfano wa mwenye shamba la mizabibu aliyeajiri vibarua tangu alfajiri hadi saa kumi na moja, kisha akawalipa wote dinari moja. Wayahudi walihesabu saa za mchana tangu jua linapochomoza, kama sisi kwenye Kiswahili, kwa hiyo hamna haja ya kugeuza chochote. Vijana wanatatizwa kwa sababu saa kumi na moja ipo ya alfajiri na ya jioni. Waonyeshe aya ya 12: wa mwisho wamefanya kazi "saa moja tu", basi siku iliisha saa kumi na mbili.

Kisha waulize nani kwao amewahi kusubiri kibarua kwenye mageti ya Industrial Area. Saa tatu mtu bado ana tumaini. Saa sita wenzake wanaanza kurudi nyumbani. Wahubiri huwaita hawa wa mwisho wavivu, lakini jibu lao liko aya ya 7: "Kwa sababu hakuna mtu aliyetuajiri." Dinari ilikuwa ujira wa kutwa. Aliyelipwa kwa hesabu ya saa moja angerudi na kitu kisichotosha hata unga wa usiku huo, ndiyo maana malipo ya mwenye shamba yanashtua. Hata kulipa jioni ile ile si pambo la hadithi: Kumbukumbu la Torati 24:15 inaamuru kibarua alipwe kabla jua halijatua.

Asubuhi kwenye matatu hufungua Biblia popote, nikachukua aya ninayoangukia. Ni vibaya? — Msomaji, Umoja

Si dhambi, ila ni kama kusikia simu ya abiria wa kiti cha mbele: unapata neno, hujui linamhusu nani. Chukua Marko. Ina sura 16. Moja kila asubuhi ya kazi, Jumatatu hadi Ijumaa, utaimaliza Jumatatu ya wiki ya nne. Sura ya 14 pekee ina aya 72, hiyo iwekee siku ya mvua, foleni ya Jogoo Road ikiwa haisongi.