Majina 23 kwenye daftari, watu 4 kwenye moto

Toleo lililopita niliwaomba mniulize chochote kuhusu vikosi vya zimamoto vya kujitolea huko vijijini, nikajua nitapata barua mbili tatu, nimepata rundo. Haya ndiyo yaliyojirudia zaidi, nimeyafupisha kidogo. Mimi nilikaa kikosini miaka 11, nikaacha kwa hasira, nikarudi, kwa hiyo nikiongea kwa ukali mahali mnivumilie.

Swali: Mimi ni katibu wa kikosi. Daftari lina majina 23. Mwezi uliopita ghala limeungua saa 8 mchana tukafika watu 4, mmoja ni mimi na mpira wa maji sijui hata kuushika vizuri. Tumebandika matangazo kila kona, "Kuwa shujaa wa kijiji chako", wamekuja wawili na mmoja hakurudi tena. Tunakosea wapi? (Katibu aliyechoka)

Katibu, pole sana, ila hayo matangazo yabandue leo leo. Neno shujaa linawafukuza wale wale unaowahitaji. Fundi mwenye akili zake akisoma pale anajiambia mimi na ushujaa wapi na wapi, anapita zake, na anayebaki ni yule aliyekuwa anajiona shujaa tangu zamani, na huyo ndiye atakayeingia kwenye nyumba imejaa moshi bila kumwambia mtu. Andika kazi. "Anatafutwa mtu mwenye leseni ya gari kubwa, anayekuwepo kijijini Jumatatu mpaka Ijumaa mchana." Mtu akisoma hivyo anajijua kama ni yeye au siye.

Halafu acha kuhesabu majina, hesabu masaa. Chukua karatasi, kila jina liulize swali moja tu: Jumanne saa 8 mchana unakuwa wapi? Nina hakika zaidi ya nusu watakwambia wako kazini mjini, na hao ni wazuri sana ila ni wazima moto wa usiku na wikendi. Marekani waliwahi kuweka mwongozo wa vikosi vya kujitolea, NFPA 1720, kwa maeneo ya vijijini ulitaka watu 6 wafike ndani ya dakika 14, angalau mara 80 katika kila miito 100. Watu 6 tu jamani! Lakini kuwapata hao 6 mchana, kwa nilivyoona mimi, unahitaji kama 15 ambao kweli kabisa wako karibu saa hizo, maana mmoja yuko shambani simu haishiki, mwingine anauguza, mwingine kaenda msibani.

Sasa mchana kijijini wanabaki nani? Wanawake wengi, walimu, wakulima, wastaafu, na wanaofanya kazi za zamu ya usiku. Wangapi kati yao mmewahi kuwaomba? Simaanishi tangazo, namaanisha kwenda kugonga mlango na kumwambia mama fulani, wewe nimekuona unavyopanga mambo ya shule, tunahitaji mtu wa kukaa kwenye redio na kuandika nani ameingia ndani na saa ngapi. Watu wengi hawakatai kazi hii, hawajaombwa tu.

Na mkiwapata wavisheni vizuri. Sisi tulikuwa na mwenzetu mwanamke, mdogo wa mwili, akapewa glovu zilizobaki za jamaa mmoja mwenye mikono kama sepetu. Siku ya moto kiungio cha mpira kinagoma kufunga, vidole vyake haviijazi hata nusu ya ile glovu, akaivua ili apate kushika, akaungua vidole viwili. Mkuu wetu akasema hakuwa makini. Hakurudi, na alikuwa ndiye dereva wetu bora kuliko wote. Mpaka leo nikiona glovu kubwa mezani nakumbuka, na nakumbuka pia kwamba mimi siku ile sikufungua mdomo.

Kuhusu yule mmoja aliyekuja akapotea, jiulizeni alipofika mara ya kwanza alifanya nini. Nabashiri: alikaa kwenye kona ya benchi, wenyeji wakapiga stori za moto wa miaka ileee, hakuna aliyemweleza choo kiko wapi, akaambiwa sare zitakuja. Mgeni siku ya kwanza ashike kitu. Mwonyeshe kukunja mpira, mwache ajaribu kufungua maji aone nozeli, ile ncha ya mpira, inavyomsukuma nyuma, na mtafutie mtu mmoja wa kumshika mkono miezi mitatu ya mwanzo, mtu wa kumpigia asipotokea. Asiwe mkuu. Mkuu wanamwogopa.

Jambo la mwisho kwako maana nimekuwa mrefu. Gari lenye tangi la lita 2,000, mpira mmoja ukitoa lita 400 kwa dakika, dakika 5 maji kwisha. Kwa hiyo mwenye trekta na boza anayejua kisima kipi hakikauki, kwangu mimi ana thamani sawa na yule wa mbele mwenye helmeti. Muandikeni daftarini, mumpe sare, na mkipiga picha ya kikosi awemo.

Swali: Nina karakana. Fundi wangu ni zimamoto wa kujitolea, simu ya kikosi ikilia anaacha gari la mteja kwenye jeki anakimbia. Sitaki kuonekana mtu mbaya kijijini, lakini nimeshapoteza wateja. Nimkate mshahara?

Kabla hujakata, niambie, kikosi kimewahi kuja kuongea na wewe? Hakijaja, ee? Basi kosa la kwanza ni lao. Wanamchukua mtu wako saa za kazi kama wanachuma embe za njiani, hata asante hakuna. Mwite mkuu wa kikosi na fundi wako mkae watatu, muandike ukurasa mmoja: miito gani anaondoka (nyumba inawaka, ajali yenye majeruhi) na ipi anabaki (majani yanafuka pembeni ya barabara), nani anakutumia meseji kwamba amefika, na nani anakwambia ameachiwa saa ngapi. Na gari halibaki kwenye jeki, hilo halina mjadala.

Ujerumani hili liko kisheria, mwajiri lazima amruhusu mtu aende, na mshahara wa masaa hayo mwajiri anarudishiwa na serikali ya mtaa. Kama kwenu hakuna sheria hiyo si dhambi kumwomba mkuu wa kikosi aipeleke hoja kwa viongozi, na wewe usaini ukiwa wa kwanza, barua ya mfanyabiashara inasomwa haraka kuliko ya zimamoto, huo ndio ukweli.

Swali: Mume wangu anarudi alfajiri kutoka kuzima moto, nguo anazitupa kwenye kapu moja na za watoto, nyumba nzima moshi. Nikisema naambiwa nalalamikia vitu vidogo. La pili, tangu ule moto ambao mtoto alifariki, miezi mitatu sasa, haongei, usiku anaamka anazunguka ndani, mazoezini haendi. Mkuu wake kasema atazoea. (Mama wa watoto wawili)

Dada yangu, hakuna hata kimoja kidogo hapo.

Nguo kwanza. Mwaka 2022 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, ambalo liko chini ya WHO, liliiweka kazi ya kuzima moto kwenye kundi la kwanza, yaani la vitu ambavyo ushahidi umeshatosha kwamba vinasababisha saratani. Ule weusi kwenye nguo si vumbi la kawaida, ni masizi ya plastiki, rangi, magodoro na nyaya zilizoungua. Utaratibu unatakiwa hivi: pale pale kwenye tukio, kabla hajavua, mwenzake anamsugua kwa brashi na kummwagia maji, nguo zinaingia kwenye mfuko unafungwa, zinafuliwa kituoni, na yeye anaoga mapema iwezekanavyo. Nyumbani haziji. Kikosi kisicho na mahali pa kufulia lakini kina taa mpya za kumetameta juu ya gari kimepanga hela vibaya, nasema hivyo wakinuna wanune.

Sasa hili la pili ndilo lililonifanya nisilale. "Atazoea" niliambiwa na mimi, ndiyo ile hasira niliyoondoka nayo. Wiki za mwanzo kukosa usingizi baada ya tukio kama lile ni kawaida, mwili unatulia taratibu. Ikipita mwezi na bado anaota, anashtuka, anakwepa chochote kinachomkumbusha, hajisikii kitu kwa watu anaowapenda, hapo anahitaji mtaalamu wa afya ya akili, na inatibika, watu wanapona kwa kuongea na mtu aliyesomea hayo. Usimlazimishe akusimulie aliyoyaona. Mwambie wewe unachokiona, "naona huli, naona unaamka saa 9, mimi nimeshatafuta pa kwenda na nitakusindikiza". Kuna wenzake wanaopitia hayo hayo kimya kimya, mtafute mmoja anayemwamini aje akae naye, hata kama watatazama mpira tu. Na akianza kusema hana haja ya kuishi usimwache peke yake, hospitali siku hiyo hiyo.

Ukimpeleka wapime na presha na moyo palepale. Marekani kwa miaka mingi karibu nusu ya wazima moto wanaofia kazini wameuawa na moyo, si miali ya moto wala kuta kuanguka.

Swali: Kwenye mitingi tunagombana. Vijana wanataka posho, wazee wanasema ukilipwa hujajitolea. Nani yuko sahihi?

Wote kidogo. Chile nchi nzima moto unazimwa na watu wa kujitolea, utaratibu ulioanzia Valparaíso mwaka 1851, na wanachama hawalipwi, wao ndio wanatoa ada. Uingereza wale wazima moto wanaoitwa tukio likitokea wanapata malipo ya kuwa tayari pamoja na malipo ya kila wito. Australia, moto wa nyika wa 2019 na 2020 ulipovuta miezi, serikali ilikubali kuwafidia wanaojitolea waliopoteza kipato kwa kuwa kwenye moto siku nyingi, mpaka dola 300 kwa siku, jumla isizidi 6,000. Kwa hiyo hakuna jibu moja hapo.

Mimi nauliza tofauti: mtu akivunjika mguu kwenye tukio lenu kesho nani analipa hospitali, na familia inakula nini wakati amelala? Kama hamna jibu, achaneni na posho kwanza, tafuteni bima. Kisha rudisheni mafuta na vocha, maana kujitolea ni kutoa muda, hakuna aliyeahidi kutoa na pesa ya shule ya mtoto. Mkishafika hapo ugomvi wa posho utakuwa umepungua nusu.

Swali: Nina miaka 17, naruhusiwa?

Inategemea sheria ya ulipo, lakini sehemu nyingi kuna nafasi ya mafunzo kwa rika lako, Ujerumani wana vikosi kabisa vya vijana na ndiko wengi wao wanakotokea. Mzazi asaini. Utajifunza redio, huduma ya kwanza, kukunja mipira mpaka uchoke, ngazi. Kwenye nyumba inayowaka huingii, na kiongozi yeyote atakayekwambia ingia, umri wako nauona mdogo lakini akili unayo, kataa.

Swali: Miaka 61, goti bovu, nilikuwa fundi wa mashine za kusaga. Nimechelewa?

Mzee wangu, shikamoo. Kuna kikosi kina pampu haijawashwa tangu mvua za mwaka juzi na watu sita wanaizunguka wanaogopa kuigusa. Nenda siku ya mazoezi, usipande ngazi wala usibebe mtu, simama pale kwenye pampu, sikiliza inavyokohoa, uwaambie vijana tatizo liko wapi. Miwani ya kusomea usisahau, namba za geji wameziandika ndogo utafikiri za siri.