Maswali yenu: msitu wa Kongo, kuni za Kasulu, na ziwa letu

Meseji nyingi wiki hii ni za Kongo, na mimi sishangai, huku Kigoma Kongo ni ng'ambo tu hapo. Nimechukua chache.

Vita ya Kongo si madini tu? Wanyama wanaingiaje? (Mwanga)

Wanaingia kupitia mkaa ndugu yangu. Virunga, mashariki ya Kongo, ni hifadhi ya taifa ya zamani kuliko zote Afrika, ya 1925, na tangu 1994 UNESCO wameiweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Mwaka huohuo wakimbizi wa Rwanda walimiminika Goma, mji wa pembeni ya hifadhi, malaki kwa malaki, sasa watu wote hao watapikia nini kama si miti ya hifadhi? Baadae vikundi vyenye silaha vikageuza makala (ndo wanavyoita mkaa kule) kuwa mradi, anayechoma analipa, anayebeba analipa, gunia likifika mjini kila mwenye bunduki kashakula chake. Askari wa hifadhi zaidi ya 200 wameuawa miaka yote hii, Aprili 2020 walikufa 12 kwa shambulio moja.

Watu wakitolewa ili wanyama wapone kuna ubaya gani? (Uvinza)

Inategemea katolewa nani na kabaki nani. Angalia Kahuzi-Biega, karibu na Bukavu, makazi ya gorila wa nyanda za chini za mashariki ambao hawapatikani nje ya Kongo. Miaka ya 70 Batwa, wenyeji wa asili wa msitu ule, walifukuzwa mle bila fidia wala ardhi ya kuhamia, na asali yao, dawa zao, makaburi yao yote yalikuwa humo. Vita vilipokuja, wawindaji na wachimbaji wa koltan (madini ya kutengenezea simu) wakaingia palepale. 2018 baadhi ya Batwa wakarudi, yakawa mapigano na askari wa hifadhi, watu wakafa, vijiji vikachomwa, na tusifichane, kuna miti pia ilikatwa ovyo kwa mkaa. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu imeshasema walidhulumiwa, uamuzi umetangazwa 2024, waliotolewa wengi walishazikwa. Mimi kumtoa asiye na bunduki ukamwacha mwenye nayo siwezi kuita huo uhifadhi.

Mbona hamsemi wakimbizi wa Nyarugusu wamemaliza misitu yetu? (Kasulu)

Nasema, ila tuseme yote. Kambi ipo tangu 1996, mtu anapewa unga na maharage makavu, na maharage makavu kwenye mafiga matatu yanakula kuni masaa matatu. Anayetoka na panga na kamba kuzitafuta mara nyingi ni mwanamke, na huko porini kuna waliopigwa na waliobakwa, afu tunamwita mharibifu wa mazingira! Mwenyeji wa Makere naye ana haki ya kulalamika, msitu aliokuwa anategemea umeenda mbali. Dai lenu lipelekeni kwa wanaogawa chakula bila nishati ya kupikia. Na maharage yalowekwe usiku kucha jamani, kuni zinapungua sana.

Ziwa likifungwa tule nini? (Katonga)

Hapa mnanigusa. 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa watu wasivue kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15, na kupumzisha samaki siipingi, dagaa na migebuka walishakuwa wa kuhesabu. Ila mwenye boti ana akiba, yule mama anayeanika dagaa kwenye chanja hana, na sijaona kwanini yeye ndo abebe mzigo wote. Nchi zote nne za ziwa zilisaini mkataba wa kulitunza 2003, sasa mwalo wa Kongo ukishikwa na waasi nani atakamata kokoro (wavu haramu wa kukokota) huko?

Simu yangu ina koltan ya Kongo, niitupe? (Ujiji)

Usiitupe, utanunua nyingine na hiyo nayo ina koltan. Badilisha betri uendelee nayo, mafundi wapo kibao Mwanga.