Maswali ya wasomaji: akalati au kurumbiza?

*Katika msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, niliona ndege mdogo mwenye kifua cha rangi ya machungwa. Mwenzangu anashikilia ni kurumbiza, mimi nasema ni akalati wa pwani. Nani yuko sahihi?*

Angalieni mkia kwanza. Kurumbiza akiruka, mkia unawaka rangi ya machungwa, na manyoya ya katikati ni meusi. Mkia wa akalati ni wa kahawia tu. Kisha uso: kurumbiza amejaa rangi ya machungwa mpaka kwenye mashavu, jicho jeusi likijitokeza kabisa. Akalati ana kichwa cha kahawia chenye ukijani kidogo, na mashavu ya kijivu. Akichokozwa hutoa kidoa cheupe mbele ya jicho, ambacho siku zote hukificha. Urefu wake ni sentimita 12 hivi, kurumbiza 17, ila kwenye giza la vichaka mimi naamini mkia kuliko kipimo.

*Nimeenda mara nyingi alfajiri, akalati simpati. Nimtafute wapi?*

Toka kwenye miti ya mirihi (jamii ya miombo), kule kuna mwanga mwingi mno kwake. Ingia penye vichaka vizito na majani makavu chini, kisha simama. Hukaa kwenye kijiti cha chini, kimya, halafu hushuka ghafla, akadaka mdudu na kurudi. Ukikuta msafara wa siafu, subiri hapo (miguu yako iwe mbali!), kwani wadudu wanaowakimbia siafu ndio karamu yake. Nenda na mwongozaji wa msitu. Humo mna ndovu.

*Naweza kumwita kwa sauti ya simu?*

Nakuomba usifanye hivyo. Ataacha kulisha makinda aje kumfukuza mpinzani asiyekuwapo. Wimbo wake ni miluzi myembamba inayorudiwa upesi. Usikie, lakini usiamini mpaka umwone, maana kurumbiza ni fundi wa kuiga ndege wengine.

*Dume na jike wanatofautianaje?*

Kwa macho, karibu hawatofautiani. Mwenye madoadoa ni kinda.

*Tanzania yupo?*

Yupo, katika misitu ya chini ya Usambara Mashariki, na kusini zaidi hufika Msumbiji na Malawi. Kote huko anategemea vichaka vilevile tunavyovikata kwa kuni na fito, na hilo linaniuma sana. Ukimwona, andika tarehe na mahali, umpe mlinzi wa msitu.